Salio la benki linapanda, je, akiba yetu halisi ni kiasi gani? (Shirika dogo, Kasulu)

MwekaHazina_Kasulu

Habari za kazi wakuu. Naomba msaada wa wanaozijua hesabu za mashirika yasiyo ya kiserikali. Mimi ni mweka hazina wa bodi ya shirika dogo hapa Kasulu. Waajiriwa ni sita, kazi ni maji na usafi wa mazingira vijijini pamoja na vikundi vya akina mama. Mwaka wetu wa fedha unaisha 31 Desemba. Salio la benki, akaunti zote kwa pamoja, lilikuwa hivi kila mwisho wa mwaka:

2020: milioni 38.4
2021: milioni 61.2
2022: milioni 104.7
2023: milioni 142.3
2024: milioni 91.5

Matumizi yote ya 2024 ni milioni 286. Mfadhili mkubwa anabeba karibu theluthi mbili ya bajeti na mkataba wake unaisha Juni mwakani. Bodi imegawanyika. Kuna wajumbe wanaosema fedha zipo, tununue kiwanja cha milioni 35 hapa mjini kabla bei haijapaa. Wengine wanasema fedha si zetu. Naomba kujua: akiba yetu ni kiasi gani hasa, inatakiwa iwe kiasi gani, na kama haitoshi tunaijenga kwa njia gani ambayo mkaguzi hatatuandikia hoja?

---

Hesabu_Tabora

Ndugu mweka hazina, salio la benki halijibu hata swali lako la kwanza. Kwa kila mwaka kati ya hiyo mitano, toa vitu viwili kwenye salio.

Kwanza, fedha zenye masharti ambazo hazijatumika. Hizi ni fedha ambazo mfadhili amekwisha kuingiza lakini kazi yake haijafanyika. Usiziangalie benki. Chukua kila mkataba, andika kiasi kilichopokelewa tangu mwanzo, toa matumizi halali yaliyoandikwa vitabuni hadi 31 Desemba. Kinachobaki ni cha mfadhili mpaka kazi ifanyike.

Pili, madeni ya siku hiyo: PAYE (kodi ya mishahara) na michango ya NSSF ya Desemba inayolipwa Januari, ankara za mafundi ambazo hazijalipwa, ada ya mkaguzi wa mwaka huo hata kama ankara yake itakuja Aprili, na hundi zilizotolewa lakini bado hazijapita benki. Hundi hizi ndizo zinazodanganya zaidi. Ukisoma salio kwenye taarifa ya benki badala ya kitabu cha fedha, unahesabu fedha ambazo umeshampa fundi.

Kinachobaki ndicho fedha huru, na hiyo ndiyo akiba. Halafu tuambie gharama zenu za msingi kwa mwezi kwa kila mwaka, yaani zile ambazo zingeendelea hata kama leo hakuna mradi: mratibu, mhasibu, mlinzi, pango, umeme, intaneti, ukaguzi, vikao vya bodi. Bila namba hiyo akiba haina kipimo.

---

MwekaHazina_Kasulu

Asante sana mkuu. Nimekaa na mhasibu siku mbili, tumerudi hadi 2020. Kwa 2024: mfadhili mkubwa milioni 58.2 hazijatumika, mfadhili wa pili milioni 14.6, jumla 72.8. Madeni: PAYE na NSSF 3.1, mkaguzi 4.5, wauzaji 2.4, jumla 10.0. Kwa hiyo 91.5 toa 72.8 toa 10.0, tunabaki na milioni 8.7.

Fedha huru miaka yote, na gharama za msingi kwa mwezi (zote kwa milioni):

2020: huru 11.9, msingi 3.1
2021: huru 10.8, msingi 3.6
2022: huru 12.6, msingi 4.9
2023: huru 9.4, msingi 5.6
2024: huru 8.7, msingi 6.2

Nakiri nimeshtuka. Mwaka wenye salio kubwa kuliko yote, 2023, tulikuwa na 9.4 tu.

---

Hesabu_Tabora

Gawanya sasa. Mwaka 2020 mlikuwa na miezi 3.8. Mwaka 2021 miezi 3. Mwaka 2022 miezi 2.6, 2023 miezi 1.7, na 2024 mwezi 1.4. Salio la benki limezidi mara mbili na akiba, ukiipima kwa miezi, imepungua zaidi ya nusu, na ukiuangalia mwaka mmoja mmoja hakuna ambapo kengele ililia. 2022 fedha huru ziliongezeka kabisa! Ndiyo maana nilisisitiza miaka mitano.

Sababu naijua bila kuona vitabu vyenu, kwa kuwa ni ileile karibu kila mahali: mmekua, na kila mradi mpya umekuja na gharama ambazo haukuzilipia. Tuseme mfadhili analeta mradi mdogo wa milioni 40 za kazi ya moja kwa moja na anatoa asilimia 7 ya uendeshaji. Hiyo ni milioni 2.8. Sasa andika unachohitaji kuuendesha kwa mwaka:

Mhasibu wa milioni 1.2 kwa mwezi, asilimia 20 ya muda wake: milioni 2.88.
Mratibu wa milioni 1.8 kwa mwezi, asilimia 15 ya muda wake: milioni 3.24.
Sehemu ya pango, umeme na intaneti: milioni 1.2.
Nyongeza ya ada ya ukaguzi: 800,000.

Jumla milioni 8.12, na hapo sijaweka NSSF ya mwajiri. Umelipwa 2.8. Milioni 5.32 imetoka mfukoni mwa shirika, kimyakimya, kila mwaka wa mradi. Bodi inapiga makofi kwamba tumepata mradi, na akiba ndiyo inayoulipia.

Hebu niambie kitu kimoja zaidi: kati ya gharama za msingi za 2024 (6.2 mara 12 ni 74.4), miradi ililipa kiasi gani na nyinyi wenyewe mliingiza kiasi gani?

---

MwekaHazina_Kasulu

Miradi ililipa 61.0. Fedha zetu wenyewe, yaani ada za wanachama, kuendesha mafunzo kwa halmashauri na mashirika mengine, na kukodisha ukumbi, ni 12.7. Jumla 73.7. Pengo ni 0.7, na ndiyo maana tumetoka 9.4 hadi 8.7. Namba zimekubaliana.

---

Mratibu_Kibondo

Wakuu, naona tofauti kidogo. Wafadhili wengi hawapendi kuona shirika limelundika fedha. Wakiona akiba kwenye mizania (taarifa ya mali na madeni) wanasema hamhitaji msaada, au wanataka mzitumie kwanza kabla ya mkupuo, yaani awamu ya fedha, unaofuata. Na sheria yenyewe inasema shirika lisilo la kiserikali haliendeshwi kwa faida. Si bora kumaliza fedha zote kwenye kazi?

---

Ukaguzi_Reli

Mratibu, hapo yamechanganyika mambo mawili. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya 2002 inakataza kugawana faida kati ya wanachama au viongozi. Haikatazi shirika kubaki na ziada mwisho wa mwaka, mradi ziada hiyo irudi kwenye malengo ya shirika.

Kuhusu wafadhili, wanachokichukia ni akiba isiyo na maelezo. Mizania yenye milioni 20 bila sera wala sababu inaonekana kama fedha za miradi zilizofichwa. Milioni 20 hizohizo zikiwa zimeandikwa "akiba ya uendeshaji, kwa mujibu wa sera iliyopitishwa na bodi, kiwango cha chini kimekokotolewa kwa gharama za kufunga shirika", mfadhili makini anaona bodi inayofanya kazi yake. Na kwa mkoa wetu hoja hii haina haja ya kutetewa sana. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, barua za kusimamisha kazi zilitoka kwa siku chache, na kufikia 1 Julai 2025 USAID, shirika la misaada la Marekani, lilikuwa limeacha kutekeleza misaada. Shirika lililotegemea mkupuo wa Februari lilijua Februari hiyohiyo kama lina miezi mitatu ya kujipanga au wiki tatu.

Sasa niseme la kiwango, kwa sababu ndilo ninaloliona likikosewa zaidi. "Miezi mitatu" inatajwa kila warsha na watu wanaiandika kwenye sera bila kuikokotoa. Kwa shirika lako, ndugu mweka hazina, anza na swali gumu: tukilazimika kufunga kwa heshima, tunadaiwa nini na nani?

Tumia Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Mshahara wa msingi wa watu sita kwa pamoja nakadiria milioni 5.2 kwa mwezi kutokana na viwango ulivyotaja hapo juu (utanirekebisha).

Notisi ni siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi. Weka mwezi mmoja kamili: 5.2.

Kiinua mgongo ni siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10, kwa aliyefanya kazi mfululizo miezi 12 au zaidi. Kupata mshahara wa siku, wengine hugawa kwa 30. Kwa kupanga, gawa kwa 26, ili kama umekosea uwe umekosea upande wa kuwa na nyingi. 5.2 gawanya kwa 26 zidisha kwa 7 ni 1.4 kwa kila mwaka wa utumishi. Wastani wa miaka mitano: 7.0.

Likizo ambazo hazijachukuliwa: stahili ni siku 28 kwa mwaka. Ukichukua nusu yake kwa kila mtu: 2.6.

Usafiri wa kurudi walikoajiriwa kwa waliotolewa mbali, yeye, familia na mizigo. Watu wawili kwa 900,000: 1.8.

Pango la miezi mitatu ya mkataba kwa 450,000: 1.35. Ukaguzi wa mwisho: 4.5.

Jumla milioni 22.45. Hiyo ndiyo sakafu yenu, yaani akiba ya chini kabisa, sawa na miezi 3.6 ya gharama za msingi. Mna 8.7. Mnakosa 13.75.

Fanya na hesabu ya pili, ya kuchelewa kwa mikupuo. Chora miezi 12, kila mwezi andika fedha zinazoingia na zinazotoka kwa upande wa gharama za msingi tu, kisha sogeza kila mkupuo mbele siku 60. Angalia mwezi ambao jumla inazama chini kuliko yote. Kama inazama milioni 9, unahitaji 9. Kama inazama 27, sakafu ya 22.45 haitoshi, tumia 27. Unachukua kubwa kati ya hizo mbili, hujumlishi. Kwa kawaida mwezi mbaya ni Februari au Machi, kwa kuwa taarifa ya robo ya nne inakwenda kwa mfadhili Januari, anaipitia, anauliza maswali, na wewe unalipa mishahara.

---

Mama_Sikonge

Hongereni kwa hesabu safi. Naongeza upande wa mapato kwa sababu akiba haijengwi kwa kubana peke yake.

Mnakosa 13.75, tuseme mnataka kuifikia kwa miaka mitatu: ni milioni 4.58 kwa mwaka, kama 382,000 kwa mwezi. Kwa kuwa mwaka jana mlikuwa chini kwa 0.7, mnatakiwa mgeuze hali kwa milioni 5.28 kwa mwaka. Rudi juu uangalie mradi wa mfano wa ndugu wa Tabora: ulipoteza 5.32. Yaani mradi mmoja mdogo ukilipiwa gharama zake halisi, mpango wenu wa miaka mitatu umekamilika bila kuchangisha hata harambee moja.

Njia ya kuulipisha mradi ni kuziweka gharama za pamoja kwenye bajeti kama mistari inayojitegemea kabla mkataba haujasainiwa: "Mhasibu, asilimia 20 ya muda", "Pango, asilimia 18 kwa kigezo cha idadi ya wafanyakazi". Asilimia ya uendeshaji ibaki kwa yale yasiyogawanyika. Umoja wa Ulaya kwa kawaida hauvuki asilimia 7 ya gharama za moja kwa moja. Kwa fedha za serikali ya Marekani kiwango cha wasio na mkataba maalumu wa uendeshaji kilipandishwa kutoka asilimia 10 hadi 15 kuanzia Oktoba 2024. Asilimia hizo peke yake hazitoshi shirika dogo. Mistari ndiyo inayookoa. Na mstari wa muda wa mtu bila karatasi za muda zilizosainiwa kila mwezi utakataliwa, hilo halina mjadala. Jumla ya muda wa mhasibu kwenye miradi yote isizidi 100. Nimeona bajeti ambazo mtu mmoja amegawanywa hadi asilimia 130, na hapo mfadhili anadai fedha zake zirudi.

Weka pia kiinua mgongo kwenye mradi wenyewe. Siku 7 kwa mwaka ni kama asilimia 2.2 ya mshahara wa msingi wa kila mwezi. Ikiwa ipo kwenye kanuni zenu za utumishi na kwenye bajeti iliyokubaliwa, mfadhili hulipa kila mwezi na nyinyi mnaiweka pembeni. Mkingoja mradi uishe ndipo muombe, jibu ni hapana.

Halafu ada za wanachama. Huku Sikonge na Urambo ada huingia baada ya masoko ya tumbaku, hazigawanyiki miezi 12. Kwa hiyo usiandike kwenye bajeti 100,000 kila mwezi wakati unajua fedha yote inakuja kwa miezi miwili. Kwenu Kasulu angalieni mahindi na maharage yanauzwa lini. Mapato ya mafunzo nayo yana ugonjwa wake: halmashauri na mashirika makubwa hulipa baada ya siku 60 au 90. Ankara isiyolipwa si akiba. Kwenye mizania inaonekana nzuri, lakini mlinzi halipwi kwa ankara.

---

Ukaguzi_Reli

Naunga mkono, na niongeze makosa matatu ambayo mkaguzi hayaachi.

La kwanza ni kuhamisha salio la mradi uliokwisha kwenda akaunti ya akiba. Bila barua ya mfadhili inayoruhusu, salio hilo ni deni la kurudisha. Muombe kwa maandishi, wapo wanaokubali litumike kwa kazi inayofanana. Faida ya kubadilisha fedha nayo, pamoja na riba ya akaunti ya mradi, soma mkataba: mara nyingi ni mali ya mradi.

La pili ni kukopa kutoka mradi mmoja kulipia mwingine. Watu hufanya wakisema "tutarudisha mkupuo ukija". Mkupuo usipokuja, mna deni kwa mfadhili ambaye hakujua kama anakopesha. Kukopesha kati ya mifuko kufanyike kutoka fedha huru kwenda mradi, kwa idhini ya maandishi na tarehe ya kurudisha. Kinyume chake ni hoja ya ukaguzi.

La tatu ni masurufu, yaani fedha anazokabidhiwa mtumishi kwa kazi na kuzirejesha kwa risiti. Afisa wa uwandani amepewa milioni 3 Oktoba, hadi 31 Desemba hazijarejeshwa kwa risiti. Kitabu kinasema ni mali ya shirika. Kwa kukokotoa akiba, zihesabu kuwa hazipo mpaka risiti ziingie.

Na kodi, kwa ufupi tu: kusajiliwa kwa Msajili wa Mashirika hakukupi msamaha wa kodi ya mapato. Hadhi ya shirika la hisani hutolewa na Kamishna wa TRA kwa maombi ya peke yake chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato. Kama mnayo hadhi hiyo na mnataka kuweka fedha kwa ajili ya mradi mahususi wa baadaye, sheria inatoa nafasi ya kumwomba Kamishna akubali akiba hiyo ihesabiwe kama fedha zilizotumika. Nendeni ofisi ya TRA Kigoma na maombi yenye maelezo ya mradi, gharama na muda. Kama hamna hadhi hiyo, anzeni na hiyo kabla ziada haijakua.

---

MwekaHazina_Kasulu

Nashukuru sana. Marekebisho mawili. Mishahara ya msingi ni 5.2 kama ulivyokadiria, lakini mratibu ana miaka 9 na mhasibu 7, wale wanne wastani ni miaka 3. Nikikokotoa mtu mmojammoja: mratibu 1.8 ÷ 26 × 7 × 9 ni milioni 4.36. Mhasibu 1.2 kwa njia hiyo, miaka 7, ni 2.26. Wanne wenye jumla ya 2.2, miaka 3, ni 1.78. Jumla 8.4 badala ya 7.0. Sakafu inapanda hadi 23.85.

Swali langu la kiwanja bado. Na fedha hizi za akiba tuzitunze wapi?

---

Hesabu_Tabora

Vizuri sana kukokotoa mtu mmojammoja, wastani huwaficha watumishi wa muda mrefu wenye mshahara mkubwa, na hao ndio wanaodai zaidi. Rudia hesabu hiyo kila Desemba kwa kuwa inapanda yenyewe hata bila kuongeza mtu.

Kiwanja: kwa 8.7 huwezi kununua cha 35 bila kugusa fedha za wafadhili. Mjadala unaishia hapo kwa sasa. Lakini hata siku mtakapokuwa na 35, kiwanja hakiingii kwenye akiba. Mshahara wa Machi haulipwi kwa kipande cha ardhi, na anayeuza kwa haraka huuza kwa hasara. Kikinunuliwa, kiandikwe kwenye fedha zilizotengwa na bodi, mfuko wake peke yake, baada ya sakafu kujaa. Vivyo hivyo pikipiki na kompyuta: kwenye mizania fedha huru zinaweza kuonekana milioni 30 kumbe 20 ni vyombo vya usafiri. Toa thamani ya vitabuni ya mali zote za kudumu kabla ya kuitaja akiba.

Pa kutunza. Akaunti ya peke yake, jina lake liseme akiba, watia sahihi wawili wa kundi tofauti: mmoja wa bodi, mmoja wa menejimenti. Bodi ya Bima ya Amana inafidia hadi shilingi milioni 7.5 kwa mteja mmoja katika benki moja, kiwango kilichopandishwa mwaka 2023 kutoka milioni 1.5. Akaunti zako zote za benki hiyo zinajumlishwa, kwa hiyo kufungua akaunti tatu benki moja hakukusaidii kitu. Mkifika milioni 20 na kitu, kuwa na benki mbili kuna maana.

Gawa kwa ngazi. Mwezi mmoja wa gharama za msingi (6.2) ukae akaunti ya kawaida. Miezi mingine miwili iwekwe amana ya muda maalumu ya miezi mitatu, vipande viwili vinavyokomaa tarehe tofauti. Riba hukatwa kodi ya zuio asilimia 10, na kuvunja amana kabla ya muda hupoteza riba. Inayobaki inaweza kwenda Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS (kampuni ya serikali ya mifuko ya uwekezaji wa pamoja) au dhamana za serikali za muda mfupi, ambazo Benki Kuu huuza za siku 35, 91, 182 na 364. Hatifungani za miaka 20 au 25 riba yake inavutia, lakini ukihitaji fedha Februari itabidi uiuze sokoni kwa bei ya siku hiyo. Usikopeshe akiba kwa vikundi mnavyovihudumia wala kwa wafanyakazi, hata kwa riba. Hapo fedha hupotea pamoja na uhusiano.

Dola: kama mfadhili analipa kwa dola, bajeti yenu ya shilingi ina hatari yake. Oktoba 2024 dola ilikuwa karibu 2,700, Desemba karibu 2,400. Mkupuo wa dola 40,000 ulikuwa milioni 108 kisha ukawa 96. Milioni 12 zimepotea na kazi ni ileile. Hiyo ni zaidi ya akiba yenu yote. Andika bajeti kwa kiwango cha chini kuliko cha soko, na mkataba useme nani anabeba tofauti.

---

Mama_Sikonge

Ndugu mweka hazina, sera iwe ukurasa mmoja, isizidi. Iwe na kiwango cha sakafu na jinsi kilivyokokotolewa, nani anaidhinisha kutoa (napendekeza bodi kwa kikao chenye akidi, isiwe mwenyekiti na mratibu kwa simu), sababu zinazokubalika, na mpango wa kurudisha wenye tarehe. Sababu zisizokubalika ziandikwe pia: kuziba mradi uliopangwa vibaya, posho, ununuzi wa mali. Halafu taarifa ya kila robo kwa bodi ianze na mstari huu juu kabisa, kabla ya salio la benki: "Fedha huru milioni ..., sawa na miezi ..., sakafu milioni ...".

Na kwa mkataba unaoisha Juni: andaeni sasa hivi bajeti ya Julai hadi Desemba bila mfadhili huyo. Nani anabaki, nani anapewa notisi na lini. Notisi ya siku 28 inayotakiwa iishe 30 Juni lazima itolewe si zaidi ya 2 Juni, na kupunguza wafanyakazi kwa sababu za uendeshaji kunataka kwanza kuwajulisha na kushauriana nao, jambo linalokula wiki kadhaa. Kwa hiyo kikao cha bodi cha uamuzi kiwe Aprili.

---

MwekaHazina_Kasulu

Nimeiweka Aprili 11 kwenye ratiba ya bodi. Kiwanja nimekitoa kwenye ajenda. La mwisho: mhasibu anauliza, tukianza kutenga ile asilimia 2.2 ya kiinua mgongo mwezi huu, inaandikwaje wakati fedha haijatoka?

---

Ukaguzi_Reli

Kila mwezi, pamoja na mishahara: debiti gharama ya kiinua mgongo kwenye mradi husika, krediti deni la stahili za watumishi. Siku hiyohiyo hamisheni fedha kutoka akaunti ya mradi kwenda akaunti ndogo ya stahili, ili deni liwe na fedha nyuma yake. Mkiandika bila kuhamisha, mradi ukifungwa salio litarudishwa kwa mfadhili na deni litabaki kwenu. Ambatisha kwenye vocha jedwali la majina, mshahara wa msingi, tarehe ya kuajiriwa na kiasi cha mwezi. Hapo kabla ya kuanza, pata barua pepe ya mfadhili inayokubali utaratibu huo na uichape, ikae kwenye faili la mkataba. Kwa miaka iliyopita ambayo hamkutenga (ile 8.4), msiibebeshe miradi ya sasa, itakataliwa. Hiyo ni deni la fedha huru, na ndiyo sababu kubwa ya sakafu yenu kuwa hapo ilipo.

Nikumbushe moja. Nyinyi sita hamfiki waajiriwa 10, kwa hiyo tozo ya kuendeleza ujuzi haiwahusu, lakini WCF (Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi) inawahusu tangu mwajiriwa wa kwanza. Angalieni kama mhasibu ameiingiza kwenye gharama za msingi, kwa sababu kwenye orodha ya madeni ya Desemba sikuiona.